Madam wa Otonglo

Jumatatu, 10 Machi

Mama amefika. Alishuka kwa bodaboda mbele ya duka na kuku mmoja, mkungu mdogo wa ndizi na mfuko wa unga wa wimbi, bado akimgombeza mwenye pikipiki kwamba Otonglo haihami, haraka ya nini. Akamtazama Awuor mikononi mwangu, akanitazama mimi. "Mtoto amenona," akasema. "Wewe ndiye umebaki mifupa."

Sijaandika shajara tangu nilipokuwa chuo cha ushonaji. Naanza tena leo kwa kuwa nataka siku moja Awuor asome jinsi nyanyake alivyokuja kutoka Chwele, huko Bungoma, nikaweza kufungua tena duka. Tangu azaliwe Januari, msaidizi wangu Calvince amekuwa akishona peke yake, na wateja wa gauni za harusi hawataki Calvince, wananitaka mimi.

Shida ni moja tu. Mama halali katika nyumba ya mkwe wake. Kwetu Bukusu haifanyiki, na huku kwa kina Robinson, mume wangu, pia haifanyiki. Makabila yetu yanabishana juu ya kila kitu isipokuwa hilo. Hata kama Robinson yuko kazini Sondu wiki nzima, nyumba ni yake. Nilipaswa kumtafutia Mama chumba. Sikutafuta. Nimemtandikia godoro dukani, nyuma ya pazia, katikati ya cherehani na ile sanamu ya kuvalishia gauni. Nimemwambia ni kwa wiki moja.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Cherehani ya Calvince imekwama. Nimekata gauni la kwanza tangu nijifungue, mikono bado inakumbuka.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi nikifungua duka, Mama ameshakunja godoro, ameshafagia, na uji uko kwenye jiko nje. Anambeba Awuor mgongoni mpaka saa ya kunyonya, ananiletea, anamchukua tena. Sijui wanawake wasio na mama hufanyaje.

Amenilalamikia jambo moja tu, ile sanamu. "Huyu wenu asiye na kichwa ananitazama usiku." Calvince alicheka mpaka akajidunga sindano.

Leo pia amegundua kwamba Awuor ni jina la mtoto wa usiku, kama lake mwenyewe, Nabwire. Anamwita "mimi." Utamsikia nyuma ya pazia: "Mimi ananyamaza sasa. Mimi atalala."

Jumatano, 19 Machi

Nimefanya jambo ambalo sitaki kuliandika, kwa hiyo naliandika.

Saa nne aliingia mama mmoja mnene, mrembo, mwavuli mkubwa, na binti yake nyuma. Mama Lorine. Binti ndiye Lorine, anaolewa tarehe kumi na saba Mei. Anataka gauni lake na za wasimamizi sita. Kazi kama hii sijawahi kupata. Kabla hata ya kukaa aliniambia, "Mimi ni wa Seme, boma ya kina Okinyi tunapakana. Robinson Okinyi ni ndugu yetu kabisa. Kwa hiyo wewe ni bibi yetu, usituangushe."

Nikalitazama pazia. Watu wa Seme ndio wale ambao neno likiingia asubuhi, jioni limeshavuka mto.

Hapo Mama akatokea nyuma ya pazia, miguu mitupu, leso kiunoni, mtoto mgongoni. Mama Lorine akamwangalia kutoka juu mpaka chini.

"Yawa! Umepata wapi yaya mtu mzima hivi? Hawa wasichana tuko nao ni simu tu. Mtoto analia, yeye anacheka na simu."

Ningesema, "Huyu ni mama yangu." Ni maneno manne. Lakini angeuliza analala wapi, maana hilo ndilo swali la kwanza mtu wa Seme huuliza mkwe akija. Na nyuma ya pazia godoro lilikuwa linaonekana, limekunjwa, na sufuria juu yake.

Nikasema, "Alitoka huko nyumbani Bungoma."

"Ako na adabu?"

"Ako na adabu."

Si uongo. Kila neno ni la kweli. Nimejirudia hivyo mchana kutwa, na kila mara najisikia mchafu zaidi. Mama alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akarudi nyuma ya pazia taratibu, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Alhamisi, 20 Machi

Asubuhi nilitaka kumwomba msamaha. Aliniwahi. Alinipa kikombe cha uji kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema, "Uji, Madam."

Nikamwita kama tangu utotoni: "Mayi, tafadhali."

"Mayi yako yuko wapi? Mimi naona Madam tu."

Calvince aliinamia cherehani yake na kuishona hewa.

Jumapili, 23 Machi

Mama amechukua off. Amesema yaya wote wa Kisumu hupewa off Jumapili, ameuliza jirani akahakikishiwa. Alivaa viatu, akaenda kanisani, kisha soko la Kibuye kuangalia mitumba, akarudi jioni amenunua kofia ya sufu ya mtoto. Mimi siku nzima nimebeba, nimenyonyesha, nimefua, sikupata hata dakika ya kuchana nywele. Nilikasirika. Kisha nikajiuliza nimemkasirikia nani.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Lesi ya Lorine imepatikana.

Ijumaa, 4 Aprili

Jaribio la kwanza la gauni. Lorine amesimama juu ya stuli, mama yake ameketi anapiga picha za simu, nami nimepiga magoti napandisha pindo. Nyuma ya pazia Awuor akaanza kulia. Nikasema moyoni, dakika tano. Nikaweka pini nyingine. Akalia tena, kile kilio cha kukata, na maziwa yakanitoka yenyewe. Blauzi yangu ya kijivu ikapata madoa mawili, yakawa yanapanuka mbele ya macho ya Lorine. Nilitamani sakafu itoboke inimeze. Nikasogea nyuma lisije tone likaangukia satini, nikabaki pale nimejikumbatia kama mwizi aliyekamatwa akiwa na kuku chini ya koti.

Mama akatoka. Alifungua leso yake kiunoni, akanifunika mabega, akaikaza mbele vizuri. "Pole, Madam," akasema. "Mtoto anakuita."

Mama Lorine akapiga makofi. "Huyu anajua kazi!"

Nilinyonyesha nyuma ya pazia nikilia bila sauti. Mama aliketi kando anachambua maharagwe. Mkono wake ulikuja mara moja ukanifuta shavu, kisha ukarudi kwenye maharagwe.

Jumanne, 8 Aprili

Gauni mbili za wasimamizi zimeisha. Wiki moja niliyomwahidi Mama imeshakuwa mwezi.

Jumamosi, 12 Aprili

Robinson yuko nyumbani. Alimsalimia Mama kutoka mlangoni mwa duka, kwa heshima, bila kushikana mikono, akaacha sukari na sabuni mezani. Jioni akaniuliza kama nimepata chumba.

"Natafuta."

"Nangila, watu wetu wakisikia maro analala kwa duka, uso nitaweka wapi?"

Maro ndiye mama mkwe, na kwao maro ni mtu wa kuogopwa na kutunzwa. Nilimjibu kwamba yeye pia ana miguu ya kutafutia chumba. Akasema yuko Sondu. Nikasema Sondu si London. Tulinuniana mpaka chakula. Sikumwambia habari za Mama Lorine. Aibu ya kitanda anaijua; aibu ya jina nimebaki nayo peke yangu.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Duka lilipaswa kufungwa leo, lakini Mama Lorine alisema watapitia wakitoka ibadani, nami simwambii hapana yule mwanamke. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na kando ya barabara palikuwa tope tupu. Waliingia wakichagua pa kukanyaga. Mama Lorine alivua viatu mlangoni, vyeupe, vya kisigino, vimejaa tope mpaka juu. Akavinyanyua kwa vidole viwili, akamnyooshea Mama.

"Wewe mama, hebu nipanguzie hii. Pole pole, ni ngozi."

Nilikuwa namfunga Lorine vifungo vya mgongoni. Nilikuwa na pini mdomoni. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa: mtu mwenye pini mdomoni hawezi kusema. Pini huwa naziweka mdomoni na kuzitoa mara mia kwa siku.

Mama alivipokea. Alichuchumaa na Awuor mgongoni, akachovya kitambaa kwenye beseni, akapangusa kiatu kimoja, kisha kingine, hata nyayo akazipangusa. Anaumwa na magoti. Alipoinuka alishikilia ukuta. Aliviweka mlangoni vikiangalia nje, na Mama Lorine akasema, "Asante, umefanya poa," bila kugeuza uso kutoka kwenye kioo.

Mama alinitazama. Sikuona hasira. Ningependa kuona hasira. Ilikuwa kama anangoja, vile alivyokuwa akiningojea mlangoni nikichelewa kutoka shule, anajua nitakuja. Mimi nikamgeuza Lorine upande wa pili na kuendelea kufunga vifungo.

Walipoondoka nilimwambia, "Mayi, nisamehe." Akajibu kwa upole kabisa, "Kwa nini, Madam? Si ni kazi?"

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Tulienda kanisani sote. Mhubiri alirudia habari za Petro na jogoo. Nikajifanya nafunga kofia ya mtoto. Mama alinigusa kiwiko, si kwa nguvu.

Jumatatu, 28 Aprili

Maji yaliingia dukani usiku. Nilipofika, Mama alikuwa ameketi juu ya meza ya kukatia na gauni zote ziko mapajani na mabegani mwake, kavu. Blanketi lake na nguo zake zilikuwa chini, zimelowa. Calvince akaanza kumshukuru kwa sauti.

Mimi je? Niliangalia saa. Mteja alikuwa anakuja saa tatu. Nikalichukua blanketi la mama yangu, linachuruzika, nikalisukuma ndani ya gunia la vipande vya nguo ili lisionekane, nikalificha chini ya meza. Ndipo nikamuuliza kama amepata baridi. Nimeandika mfuatano huo jinsi ulivyokuwa. Sina cha kuongeza.

Ijumaa, 2 Mei

Mama anakohoa. Anasema ni vumbi la nguo.

Jumatano, 7 Mei

Jaribio la mwisho. Gauni limekaa mwilini mwa Lorine hadi nikaogopa kuligusa. Mama Lorine alitokwa na machozi, akanikumbatia, nami nikafurahi, nakiri, kwa muda kama wa kuchemsha chai nilifurahi kama mtu asiye na kosa.

Kisha akamgeukia Mama. "Wewe mama, harusi ikiisha binti yangu atahitaji mtu. Mimi pia niko na wajukuu kwa nyumba. Kuja kwangu. Utapata room yako, na kitanda, na TV. Hapa unalala wapi?"

 Mguu wa Calvince ulisimama juu ya cherehani.

"Uliza Madam," Mama akasema.

Akanitazama tena kwa yale macho ya kungoja. Alikuwa amenifungulia mlango kabisa, na wateja wawili tu ndani, hakuna umati. Nami nilifungua kinywa, hakikuwa na pini hata moja, nikasema, "Huyu siwezi kumwachilia, Mama Lorine. Mtoto amemzoea."

Wakacheka. Mama naye alicheka kidogo.

Walipoenda alimfungua Awuor mgongoni, akanipa. "Yaya akitaka kutoka hutoa notisi," akasema. "Mimi natoa yangu."

Nilidhani ni utani wake ule ule.

Ijumaa, 9 Mei

Ameondoka. Nilifika dukani nikakuta godoro limekunjwa, sakafu imefagiwa, uji umefunikwa kwa sahani. Calvince ndiye aliyembebea mfuko mpaka barabarani. Robinson anakuja kesho. Kwao maro haondoki bila kusindikizwa na mkwe, bila kupewa hata sukari ya njia. Mama yangu ameondoka kama wanavyoondoka mayaya, asubuhi, na mfuko mmoja.

Ameacha leso yake juu ya mabega ya ile sanamu isiyo na kichwa.

Jumapili, 11 Mei

Robinson amejua yote. Hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja, "Alivipangusa viatu?" kisha akatoka nje akakaa juu ya ndoo.

Jumatatu, 12 Mei

Nimepata chumba cha kupanga, milango miwili kutoka dukani, kwa mjane aitwaye Naswa. Kina kitanda na dirisha. Nilimuuliza kimekaa wazi tangu lini. Tangu Februari.

Jumamosi, 17 Mei

Harusi. Nilienda kumvalisha Lorine kwao tangu asubuhi, Awuor nimemfunga mgongoni kwa leso ya Mama. Chumba kimejaa shangazi na marashi. Nilikuwa nabana shela Mama Lorine aliponiuliza, "Na yaya?"

"Ameenda."

"Yawa! Ulimfukuza?"

Sijui ni ushujaa au ni uchovu. Nilisema, "Hakuwa yaya. Ni mama yangu mzazi."

Alicheka kwanza. Kisha akaacha. "Mama yako? Maro ya Okinyi?"

"Ndiyo."

Akaiangalia miguu yake. Alikuwa amevaa viatu vya dhahabu, vipya. Akakaa kitandani polepole.

"Nilimpatia viatu yangu," akasema. Hakuwa anasema nami. Kisha akawa anasema nami. "Maro yetu! Nimetuma maro yetu anipanguzie matope, na wewe umesimama hapo unaniangalia! Hata kuniita kando, uniambie, 'Mama Lorine, huyo ni mama'? Mimi ningelala chini nimwombe. Sasa nitaweka wapi hii kitu umenifanyia? Nitamwambia nini Robinson?"

Shangazi wote waligeuka. Nilisema pole. Neno hilo lilikuwa dogo kama kifungo kilichodondoka.

"Toka nje, Nangila. Shela tutaweka sisi."

Nilitoka. Nilikaa nyuma ya hema pamoja na wapishi, nikimnyonyesha mwanangu. Kutoka pale nilisikia mshereheshaji akilisifu gauni na kuuliza fundi yuko wapi asimame apigiwe makofi. Aliuliza mara mbili. Mpishi mmoja akaniambia, "Si wewe unaitwa?" Nikamwambia si mimi.

Nikajisikia nikisema hivyo. Hata jina langu mwenyewe nimelikana, ulimi umezoea.

Jumamosi, 24 Mei

Chwele. Nimekuja na Awuor. Mama alikuwa shambani anapalilia mahindi na wanawake watatu wa jirani. Mmoja aliniona nikikatiza kwenye matuta, akauliza, "Nabwire, nani huyo anakuja na mtoto?"

Mama alinyoosha mgongo, akakohoa. "Huyo? Ni Madam wangu wa Kisumu. Nilikuwa yaya wake."

Wakacheka wote. Walidhani ni utani. Nabwire ni mtu wa utani, kila mtu anajua. Ningeweza kucheka nao, tungefika nyumbani tukila ugali, na mambo yangeisha hivyo hivyo bila kuisha.

Nikasimama kwenye tope. "Ni kweli," nikasema. "Mimi ni mtoto wake. Alikuja kunishikia mtoto, nikaacha watu wamwite yaya wangu. Nikaacha akafutishwa viatu. Nilikuwepo."

Kicheko kikakatika.  Mama akarudi kwenye jembe, akapalilia mstari wake mpaka mwisho, naye hakuharakisha hata kidogo. Kisha akaja, akanawa mikono kwa maji ya chupa, akamchukua Awuor.

"Mimi amelowa," akasema.

Tulipokuwa tunamenya viazi nilimweleza habari za chumba cha Naswa, kitanda na dirisha. Akauliza kilikuwa wazi tangu lini. Nikamwambia. Akacheka kwa pua.

"Yaya analala popote, Nangila. Mama hutafutiwa mahali." Ndiyo mara ya kwanza tangu Machi kutaja jina langu. "Na mimi sasa nina mahindi. Yenyewe hayana yaya."

Sikumsihi. Robinson atakuja Agosti na mbuzi wa kumwomba radhi, yeye na watu wawili wa Seme. Mama Lorine amesema atakuwa mmoja wao, ingawa kwangu bado hajasema neno.

Jumatatu, 9 Juni

Mvua inaelekea kuisha. Nashona nikiwa na Awuor mgongoni, nimemfunga vile Mama alivyonifungia alfajiri ile nilipoondoka Chwele, fundo juu ya titi la kushoto. Kazi inaenda nusu ya mwendo. Wateja wawili wamekwenda kwingine.

Leo aliingia msichana mmoja, anataka gauni la Desemba. Alinitazama nikimpima huku mtoto ananivuta nywele, akauliza, "Kwani huna yaya?"

"Sina. Mama yangu ndiye alikuwa ananishikia mtoto hapa. Hayuko tena."

Akaweka mkono kifuani. "Pole sana, Madam. Mungu amlaze pema."

Calvince alisimamisha cherehani. Msichana alikuwa ameshanyoosha mikono nimpime kiuno, tayari kwa mambo mengine. Lilikuwa kosa dogo, la mtu mwema, na ingekuwa rahisi kuliacha lipite. Nikatoa pini mdomoni, zote, nikaziweka mezani.

"Yuko hai," nikamwambia. "Yuko Chwele, anapalilia mahindi. Anaitwa Nabwire. Na mimi usiniite Madam. Mimi ni mtoto wake."